Kanda za Pwagu na Pwaguzi: zifunguliwe kwa wote au zisubiri familia za marehemu?

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Majengo, naleta hii hoja kwa sababu jana tumebishana nyumbani mpaka chai ikapoa na mimi bado sijatulia.

Mwezi uliopita tulikua tunatoa vitu stoo ya marehemu baba, kwenye boksi la viatu nikakuta kaseti saba, mbili kaandika kwa mkono wake "Pwagu na Pwaguzi, RTD". Ni wale wachekeshaji wawili wa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), alikua anawarekodi redioni, enzi hizo huku bara ni redio ya taifa tu, hizi za watu binafsi zimekuja miaka ya 90. Nikapeleka kwa fundi redio pale Mbuyuni, akafuta hedi na spiriti, akazungusha utepe taratibu na kalamu ya biki, ikalia.

Jamani! Mimi wale wazee nilikua nawajua jina tu, nikidhani ni vichekesho vya kupiga makelele kama hivi vya sekunde thelathini tunavyotumiana kwenye simu. Kumbe mmoja wao, mama anasema ndo Pwaguzi, anachekesha kwa kunyamaza. Mwenzake anamwaga mpango mzima wa kupata cha bure, yeye anaguna tu, anakaa kimya, na wewe huku ushajua mtu kashazidiwa akili, maana si ndo methali yenyewe, pwagu hupata pwaguzi. Hakuna picha pale, uso humwoni, ni sauti na pumzi tu na unamwona kabisa alivyokaa. Mama alikua jikoni anamenya ndizi, akaja akasimama mlangoni na kisu mkononi, anamalizia maneno kabla wao hawajayasema.

Sasa mimi nikasema naviweka mtandaoni watu wasikie. Shemeji akaja juu: kaseti ni ya baba yako, sauti sio ya baba yako, wale wana watoto na wajukuu, utakua umewaibia. Mama mdogo nae akasema wameshatangulia mbele ya haki, walikua wa taifa zima, weka.

Shemeji simbezi hata kidogo. Mzee Majuto, yule mchekeshaji wa filamu, alipokua anaumwa 2018 serikali yenyewe iliunda kamati ipitie mikataba yake, nchi nzima ilikua inachekeshwa nae kila siku kumbe mambo yake hayajakaa sawa, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo akatutoka. Hiyo inauma mpaka leo. Ila shemeji anasahau kitu kimoja, kanda haisubiri kikao cha familia. Ule unga wa kwenye utepe unabanduka, masika ya huku ukungu unaingia hadi ndani ya kasha, na mashine zenyewe zinaisha, hata deki za VHS, zile za kanda za video, kampuni ya mwisho ya Kijapani iliacha kuzitengeneza 2016. Ukingoja haki zieleweke ndo unakili, utabaki na haki za plastiki tupu.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu, kunakili sio wizi, kuuza ndo wizi. TBC ndo mrithi wa RTD, wazihamishe zile kanda za vichekesho zote kwenye dijitali kwanza, kisha wazifungue watu wasikilize, majina ya waigizaji yaandikwe, sio "vichekesho vya zamani" tu, na kama kuna tangazo limeingiza hela COSOTA, wale wa hakimiliki, ipo tangu sheria ya 1999, familia zilipwe. Zikiendelea kukaa kabatini hata hao wajukuu tunaowatetea hawatamsikia babu yao.

Zangu nimeshazihamishia kwenye flashi mbili, moja yangu moja ya mama, mtandaoni sijaweka bado. Anaezijua familia zao aniambie nizipelekee nakala kwanza kabla ya mtu yeyote. Na nyie wa Arusha na Same, nani mwenzangu ana kaseti za hawa wazee ndani? Usiiweke kwenye redio mbovu ikatafunwa, ipeleke kwa fundi.