Naomba ushauri: siku moja Mombasa na mama mwenye goti bovu

Habari za saa hizi wanajamvi, shikamooni wakubwa.

Mwezi ujao natoka Tanga na mama kwenda Mombasa. Tutalala kwa shangazi Likoni, Ijumaa asubuhi tuvuke na feri tuzunguke mjini, jioni turudi. Mama ana miaka 68, goti linamsumbua. Ngazi anapanda moja moja huku kashika ukuta.

Anataka Ngome ya Yesu, ile ya Wareno ya 1593, na msikiti wa Mandhry pale Mji wa Kale. Mimi nataka hekalu la Wajaini (dini yenye asili ya India) la Langoni, halafu viazi karai vya moto vyenye ukwaju. (Kusema kweli viazi ndivyo vinavyonipeleka.)

Mwaka juzi nilienda peke yangu, pia Ijumaa. Nilipotea vichochoroni, nikatokeza saa sita na nusu, maduka yanafungwa watu wanaenda kuswali, na hekaluni sikuingia kwa sababu nilivaa mkanda wa ngozi, na Wajaini hawaruhusu ngozi ndani. Safari hii nimempigia dereva wa tuktuk niliyeelekezwa, akataja bei ya siku nzima iliyonifanya nikate simu.

Naomba kujua mawili. Tuanze na ngome asubuhi au Mji wa Kale, tusibanwe na swala ya Ijumaa? Na tuktuk inaingia hadi wapi mle ndani, au ni bora kulipia kipande kwa kipande?

Natanguliza shukrani.