Nina digrii ya uhasibu nataka kufundisha primary: diploma, PGDE au niingie Inglish midiam moja kwa moja?

Afisa_Aliyechoka
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 36, nina digrii ya uhasibu, nipo Morogoro, ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya hii mikopo midogo ambayo mtaani mnaiita kausha damu na sibishi jina. Kazi yenyewe mnaijua, asubuhi unagonga mlango wa mama wa watu unaambiwa katoka na wakati unamsikia anakohoa ndani. Nimechoka. Jumamosi huwa nafundisha hesabu watoto wa mtaani kwetu hapo barazani, walianza watatu sasa hivi baraza haitoshi, na kusema kweli hayo masaa mawili ndio kazi pekee naifanya kwa wiki nzima bila kuangalia saa. Wife anasema kama unapenda hivyo kwanini usiwe ticha kabisa.

Sasa njia nazoziona ni hizi naomba mnichambulie. Moja niache kazi niende chuo cha ualimu diploma ya elimu ya msingi miaka miwili maana form six nilipata divisheni ya pili. Mbili nibaki kazini nisome PGDE, ile diploma ya uzamili ya ualimu, pale OUT (Chuo Kikuu Huria) taratibu. Tatu niingie shule binafsi hivi hivi nilivyo, nasikia kuna leseni. Nina mtoto mmoja, nyumba ya kupanga, na HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, bado wananikata ile 15% ya mshahara. Msinionee huruma semeni ukweli.

Ticha wa Kigoma
Karibu kwenye chaki mkuu, huku hatufukuzi mtu 😂

Mimi nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali kijijini. Unachofanya hapo barazani ni kizuri ila watoto wako wamekuja kwa hiari na unawajua mama zao. Kiwango cha mwongozo kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja wanafunzi 45, mimi nina zaidi ya mara mbili yake ndani ya chumba kimoja, tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wanaingia kwa wingi na hilo ni jambo jema kabisa ila madarasa na walimu hawajafuata kwa kasi hiyo. Daftari zinarundikana mezani mpaka mtoto wa mbele humuoni. Asubuhi nawapa "ba be bi bo bu", safu ya mbele wanaandika, katikati wanaandika huku wanamwangalia mwenzao, nyuma kabisa kuna kamoja kanashikilia penseli kama mchi na "b" zake zote zinaangalia kushoto, huyo sasa unatakiwa ukae nae umshike mkono, dakika tano tu zingemtosha, na hizo dakika tano huna.

Hicho ndicho kitu cha kujiuliza. Unaweza kwenda nyumbani kila siku ukijua kuna mtoto hujamfikia? Mshahara tutaongea baadae.

Mdau_Mbagala
Mkuu mbona unaacha pesa mezani. Wewe una uhasibu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 Elimu ya Biashara ni somo la lazima form one, shule nyingi zilikuwa hazina kabisa mwalimu wa biashara. Chukua PGDE yako, omba nafasi ya sekondari, unaingia kwa ngazi ya mshahara ya mwenye digrii, TGTS D. Ukienda diploma ya msingi serikali itakuajiri kwa diploma, digrii yako ya uhasibu inabaki kabatini unaanza na TGTS C. Miaka miwili chuoni ili ushuke ngazi, hiyo hesabu mhasibu gani anaipiga?

Afisa_Aliyechoka
@Mdau_Mbagala nimekuelewa ila mimi sitaki sekondari. Nataka wadogo, hawa wa kujifunza kugawanya. Wa form three mwenye ndevu hapana.

Mdau_Mbagala
Ndevu zake zinakulisha lakini 😂

BintiSarufi
Ngoja niweke sawa hapo maana watu wengi wanaingia mkenge. PGDE ni ya mtu mwenye digrii isiyo ya ualimu na kwenye matangazo ya ajira utaikuta zaidi kwenye nafasi za sekondari, digrii yenye somo la kufundishia ukijumlisha na PGDE. Nafasi za msingi kwa kawaida zinataka mtu aliyesomea elimu ya msingi au ya awali. Kwahiyo hizo njia zako mbili za kwanza haziendi sehemu moja. Mtu anasoma PGDE akidhani ataenda darasa la tatu, mwisho anajikuta yuko form two B.

Shule binafsi ndio PGDE inakubalika hata primary, wao wanaangalia una karatasi ya ualimu na Kiingereza chako kikoje.

MamaWawili_Ticha
Nipo Inglish midiam Dar, niliingia nikitokea benki so naongea ninachokijua.

Leseni ipo kweli. Sheria ya Elimu ya 1978 inasema usisimame darasani mpaka uwe umesajiliwa kama mwalimu au una leseni ya kufundishia, na leseni ni kwa sisi ambao hatukusomea. Inaombwa kupitia shule inayokuajiri kwahiyo kwanza upate shule. Kuna shule zitakwambia anza tu leseni itakuja baadae, usikubali, siku wadhibiti ubora wanafika mwalimu anafichwa stoo kama gunia la mkaa.

Usaili wao hauna mambo mengi ya kuandika, wanakupa chaki. Mimi nilipewa darasa la nne, hesabu za sehemu (nusu, robo), dakika ishirini, mwenye shule amekaa dawati la nyuma na simu yake. Nikachora duara nikaligawa, nikauliza kipi kikubwa nusu au robo, darasa zima likapiga kelele "robooo" kwasababu nne ni kubwa kuliko mbili. Kama hujawahi kufundisha unapaniki hapo. Nikatoa karatasi kwenye daftari nikaichana mbele yao nikamuuliza mmoja ungekuwa mkate ungechukua kipande kipi, basi yule mzee wa nyuma akaweka simu chini.

Pesa sasa, inategemea shule na shule. Zile za mtaani zenye basi moja bovu mshahara wake hata kodi ya nyumba itakusumbua, na kuna zinazokata mishahara watoto wakiwa likizo, hilo liulize kabla ya kusaini mkataba. Zile kubwa zinalipa vizuri kuliko serikali ila zinakufinya, na grupu la wasap la wazazi linakuuliza saa nne usiku kwanini mtoto hajamaliza ugali wake.

Karani_wa_Utumishi
Hakuna aliyegusa umri na hapo ndipo pa kuangalia kuliko pote. Tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira linataka mwombaji asizidi miaka 45. Una 36. Ukiingia chuo mwakani unamaliza ukiwa 39 hivi, una miaka kama sita ya kuomba kabla mlango haujafungwa. Na kustaafu kwa lazima ni 60, wakati pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inataka umechangia si chini ya miaka 15. Piga hesabu mwenyewe, mtu akiajiriwa mwishoni mwishoni anaigusa hiyo 15 kwa ncha ya kidole. Michango yako ya NSSF ya sasa kuna utaratibu wa kuijumuisha, usije ukaichukua ukanunua bodaboda.

La pili, walimu siku hizi wanafanya usaili. Zamani ulikuwa unaomba TAMISEMI unasubiri jina mkekani, kuanzia Januari 2025 ni mtihani kama kada nyingine na waombaji ni wengi mno ukilinganisha na nafasi.

Kijana_wa_Butimba
@Karani_wa_Utumishi umesema kistaarabu sana, ngoja sisi wa mtaani tuseme. Mimi nina diploma yangu ya msingi, nimefaulu vizuri, BTP zote (mazoezi ya kufundisha) nilipata alama za juu na mpaka leo najitolea shule ya kata yetu nalipwa na wazazi pale wakikumbuka. Tuliomaliza tupo wengi sana. Sasa mtu ana kazi, ana mtoto, anataka aiache aje kupanga foleni nyuma yetu? Simkatishi tamaa ila asiandike barua ya kuacha kazi kwa ajili ya ajira ya serikali ambayo hajaiona.

Ticha wa Kigoma
Kijana amesema kweli tupu na ananiuma maana shule yangu ningempokea kesho asubuhi.

Ila msimtishe mtu kwa upande mmoja. Serikalini ukishaingia una likizo yenye malipo, una bima, una mkopo wa benki kwa mshahara. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 Julai 2025 na sisi wa diploma tuko juu ya hapo. Kijijini sina kodi naishi nyumba ya mwalimu, nina shamba la mihogo. Tatizo ni kituo. Utapangiwa Kakonko au Tunduru na wife yuko Morogoro, uhamisho ni hadithi ndefu mpaka upate mtu wa kubadilishana nae. Umeongea na wife kuhusu hilo au amekwambia tu uwe ticha akidhani ni shule ya hapo nyuma ya nyumba?

Mwalimu_Nakuru
Wadau wa TZ salamu kutoka Kenya. Nimeona mnajadili diploma nikacheka kidogo kwa sababu huku ilishatupata. Zamani ulikuwa unasoma P1, cheti cha ualimu wa primary, miaka miwili, sasa P1 haipo tena, ni DPTE, diploma yake, miaka mitatu na lazima uwe na C plain kwa KCSE, mtihani wa form four. Wenye P1 wakaambiwa wa-upgrade kwa pesa yao. Na kujiandikisha TSC, tume ya walimu, sio kuajiriwa, unaweza kaa na hiyo namba yako miaka. So shida ni ile ile. Wengi waliotoka kazi zingine huku wanaanzia private school, wakishajua kama wanaweza, ndio wanaenda college.

BintiSarufi
Na huku sera inaelekea huko huko, kile cheti cha ualimu cha Grade A walichosoma mama zetu sera haikitaki tena, chini kabisa ni diploma. Kwahiyo ukikutana na chuo cha uchochoroni kinakuuzia cheti cha ualimu wa msingi mwaka mmoja, kimbia. Vyuo vya serikali vipo, Vikindu, Butimba, Mpwapwa, Tukuyu, Patandi kwa elimu maalumu.

Tena elimu maalumu mtu asiipite hivi hivi. Walimu wake ni wachache na shule zenye vitengo zinawatafuta.

Afisa_Aliyechoka
Wakuu nimesoma zote, zingine nimesoma mara mbili. La Kakonko nimemuuliza wife, amenyamaza halafu akaniuliza kuna mtandao 😂 kwahiyo hatujafika mwisho.

Nilivyoanza uzi akilini mwangu diploma ndio ilikuwa inaongoza. Sasa hivi naona nikiacha kazi kwa miaka miwili bila mshahara, nikitoka najiunga na @Kijana_wa_Butimba, na saa ya 45 inagonga. PGDE inanipeleka kwa wenye ndevu. Inabaki binafsi. Swali kwa @MamaWawili_Ticha, ukiwa na leseni tu bila chuo unadumu? Na je nikiingia huko halafu nikasoma PGDE jioni, kwa primary ya binafsi inatosha?

MamaWawili_Ticha
Inatosha, mimi ndivyo nilivyofanya. Leseni ina muda wake na wakuu wengi wa shule wanakusukuma usome. Halafu ukiwa tayari upo darasani PGDE inakuwa nyepesi, wakikufundisha andalio la somo na azimio la kazi wewe unaandika ya kwako ya Jumatatu kabisa, sio ya kubuni.

Ila usiache kazi leo. Muhula unaanza Januari, shule zinatafuta walimu Oktoba Novemba. Likizo yako ya mwaka ichukue shule ikiwa wazi, tafuta shule ikuruhusu ukae darasani wiki mbili usaidie kusahihisha. Ombea wakupe darasa la pili, sio la sita. La sita wanakaa kimya watakudanganya kwamba unaweza.

Ticha wa Kigoma
Naunga mkono hilo la darasa la pili kwa mikono yote. Na usiende na koti, utatapikiwa.

Mdau_Mbagala
Bado nasema sekondari. 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja kwa sababu mtaala mpya msingi unaishia la sita, mwaka unaofuata form one zitafurika, mtakuja kunikumbuka.

Afisa_Aliyechoka
@Mdau_Mbagala PGDE nitakuwa nayo kabatini, wakifurika wanipigie.

Kuna shule hapa karibu na stendi, mwalimu wa taaluma ni mteja wangu wa zamani na bahati nzuri alimaliza rejesho lake lote, nitampigia Jumatatu. Likizo yangu ipo mwezi wa tisa.

Nesi_wa_Ifakara
Samahani wakuu kudandia uzi, mimi nina diploma ya unesi na nataka kufundisha awali, je montesori inalipa?

BintiSarufi
Anzisha uzi wako dada, hiyo montesori ina mambo yake. Uweke na umri maana @Karani_wa_Utumishi atakuuliza.