Plota ya chuo imegeuka ya mabango, sisi tunaolipa tunaambiwa wino umeisha!!

Wakuu salama? Mimi si salama. Nipo mwaka wa 4 usanifu majengo, chuo sitakitaja maana bado nataka kumaliza, ila wenzangu wa studio hapa Dar mtajijua.

Tuna plota moja. MOJA. Ni mashine ya kuchapa michoro mikubwa, upana inchi 24, mwisho wake A1, yaani ile ya milimita 594 kwa 841 ambayo ndo wanaitaka kwenye juri (pale walimu wanapokaa kukagua michoro yako), ukitaka A0 sahau. Utaratibu unaomba kontrol namba, unalipa, unarudi na risiti, unampa teknishiani flashi anakuchapia. Ukisikia unaona rahisi eeh? Sasa jamaa anafungua saa 4, saa 7 kaenda kula, saa 9 kashafunga, na sisi michoro tunamaliza saa 10 alfajiri.

Wiki iliyopita nimelipia shiti 6, elfu 5 kila moja, elfu 30 hiyo wakuu na bumu la mkopo lenyewe halijaingia. Jumanne naenda naambiwa majenta, ule wino wa pinki, imeisha. Nikamwambia kaka, michoro yangu mistari myeusi mitupu, plani na sekisheni, hamna hata tone la pinki humo, akasema mashine haikubali, katriji moja ikiisha inagomea kila kitu. Hilo sibishi, mashine nyingi za hivi ndo zilivyo. Mi nauliza nani kaimaliza hiyo majenta???

Jibu limebandikwa getini. Kila ofisi ikiwa na ugeni inaleta bango lake pale, rangi kutoka kona mpaka kona, bila foleni bila kontrol namba. Bango moja la hivyo linakunywa wino ambao mistari yetu ingetoka ya darasa zima. Na plota yenyewe ni ya wino wa maji, haikutengenezwa kwa mambo ya nje, kwa hiyo usiku ikanyesha, asubuhi tunapita maandishi meusi yapo vizuri kabisa ila sura ya mgeni rasmi imechuruzika mpaka kwenye tai. Nimecheka huku naumia maana ile ni majenta yangu inatiririka ukutani pale.

Alhamisi asubuhi katriji ikapatikana, nikachapiwa, nikakimbia nazo juri hata sijazikagua. Mwalimu akaweka skeli rula kwenye plani ya 1:100 (sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya jengo), jengo la mita 30 likasoma 29 na nukta moja. Akapima tena. Akanitazama. Kumbe jamaa kwenye setingi kaacha ile ya kubana mchoro uenee kwenye karatasi badala ya kuweka asilimia 100, mashine ikapunguza ili ipate pambizo, mchoro wote ukasinyaa kama asilimia 3 hivi. Kwa macho huoni kitu, rula ndo inakuumbua. Naulizwa mbele ya watu "mwaka wa nne hujui skeli?" nikabaki nameza mate tu.

Narudi kwa teknishiani ananiambia ungesema mapema dogo, kuchapa upya unalipa upya. Dogo! Wakati jina la faili nimeandika kabisa A1_1-100_ASILIMIA_MIA_USIBANE, angeandikiwa vipi tena, kwenye paji la uso?

(Na kabla hamjaanza kumtetea, najua yuko peke yake na hata roli ya karatasi anaiomba kwa barua. Lakini elfu 30 yangu haikuombwa kwa barua.)

Juri ya marudio Jumatatu. Mwenye kujua sehemu Kariakoo au Posta wanachapa A1 nyeusi bila kuharibu skeli na Jumapili wanafungua aweke hapa hapa na bei. Mambo ya njoo PM sitaki.