Re: Mume wangu, PTSD, na hii tezi ya shingo

Kutoka: Mama Neema, Texas

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za siku.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya, leo nimebanwa. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani, akaenda Afghanistan mara mbili, akatoka salama ya mikono na miguu. PTSD, ule ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kupitia mambo ya kutisha, anayo, hilo limeandikwa kwenye faili lake na tumeshalizoea. Ninalouliza ni la mwilini. Ana miaka 41. Kwanza sukari ilianza kupanda. Mwaka jana tukaambiwa thairoidi, hiyo tezi ya shingo. Sasa vidole vinavimba kwenye mafundo, asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji, ananiachia mezani bila kusema kitu, nami nafungua bila kusema kitu.

Daktari wa tezi anaangalia tezi. Wa viungo anaangalia viungo. Wa akili anauliza ndoto. Mama mkwe, yuko Moshi, anasema kijana wake karogwa na waliomwonea kijicho alipopata makaratasi. Kanisani ameshawekewa mikono mara tatu. Mimi siwapingi wanaoomba, hata mimi naomba. Ila nataka kujua, haya ni magonjwa matatu au ni moja? Na VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, yaani waliowahi kuwa jeshini, wanayatambua?

Kutoka: Muuguzi wa Minnesota

Mama Neema, pole sana, na pole kwa shemeji. Sijamwona, kwa hiyo sisemi ana nini. Nasema tu kwamba swali lako si la kijinga hata kidogo, na madaktari wengine wangefaa kuliuliza wao kwanza.

Wengi tulifundishwa kwamba mtu mwenye msongo ana kotisoli nyingi, ile homoni ya msongo. Mwaka 1986 mtafiti John Mason na wenzake walipima mkojo wa waliopigana Vietnam wakakuta kinyume: wenye PTSD walikuwa na kotisoli ya chini. Rachel Yehuda akaendelea na kazi hiyo miaka ya 1990. Aliwapa maveterani deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, kwa dozi ndogo tu ya nusu miligramu. Kotisoli yao wenyewe ilishuka kuliko ya watu wengine. Maana yake breki ya mwili haikufa, imekuwa kali mno: ikiguswa kidogo inakamata. Wakati huohuo noradrenalini, ile inayokimbiza moyo na kukufanya usimame ukisikia mlango umebamizwa, ilikuwa juu.

Sasa kinga inaingiaje hapa? Wanaotoka bongo mtanielewa kwa mfano huu. Chukua chembe za kinga kuwa ni sungusungu, na kotisoli ni mjumbe wa nyumba kumi. Mwizi akiingia mtaani, sungusungu wanatoka na marungu, sawa. Mwizi akishakamatwa, mjumbe anapita anawaambia basi, rudini mkalale. Sauti ya mjumbe ikiwa hafifu kila siku, wale watu hawalali. Wanazurura, wanapekua, mwisho wanampiga mpangaji aliyekuwa anarudi kazini. Ndiyo maana kwa watu wenye PTSD vipimo vya damu huonyesha mara nyingi protini za uchochezi ziko juu, kama IL-6 na CRP. Si homa, si kidonda, ila mwili unawaka chini kwa chini kwa miaka.

Na sungusungu wakianza kupiga wenyeji, hapo ndipo tunapozungumza baridi yabisi, lupasi, na thairoidi inayoshambuliwa na kinga ya mwenyewe. Mwaka 2015 Aoife O'Donovan na wenzake walichapisha uchambuzi wa faili za VA za maveterani 666,269 wa Iraq na Afghanistan, wote chini ya miaka 55. Waliokuwa na PTSD, uwezekano wao wa kupata ugonjwa wa aina hiyo ulikuwa kama mara mbili ya wale wasio na ugonjwa wowote wa akili. Hiyo haithibitishi kwamba vidole vya shemeji vimetoka Afghanistan. Lakini inatosha kumwambia daktari wa viungo: mume wangu ana PTSD, na ana thairoidi, naomba uviangalie pamoja.

Mambo matatu nayasema haraka kwa sababu nayaona kazini. Thairoidi ikizidi kasi huleta jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, mtu akadhani ni PTSD imepanda, kumbe ni thairoidi ya kupimwa, kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH. La pili, akiandikiwa predinisoni kwa ajili ya viungo, mwambie daktari kuhusu PTSD kabla ya kidonge cha kwanza, maana dawa ile inaweza kuvuruga usingizi na kumfanya mtu awe mkali. Na asiwepo wa kukuuzia kipimo cha kotisoli cha mtandaoni eti kinaonyesha PTSD. Tafiti zenyewe hazikubaliani, wengine wamekuta kotisoli ya kawaida, wengine ya juu. Inapanda asubuhi inashuka usiku, tone moja la damu halisemi lolote.

Kutoka: Mchumi, Birmingham

Kwa heshima, dada muuguzi. Je, haiwezekani kwamba wanaopata PTSD ni watu ambao miili yao ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa? Tusije tukabebesha vita kila kitu.

Kutoka: Muuguzi wa Minnesota

Swali zuri, na wamelijibu kwa mapacha. Viola Vaccarino na wenzake walifuatilia mapacha wanaume wa enzi ya Vietnam kwa miaka 13 wakihesabu ugonjwa wa moyo. Walipochukua jozi ambazo mmoja ana PTSD na ndugu yake hana, mwenye PTSD aliugua kwa asilimia 22.2, ndugu kwa asilimia 12.8. Tumbo moja, nyumba moja. Ila hujakosea kabisa: kuna askari wa Marines waliopimwa CRP kabla ya kupelekwa vitani, na waliokuwa nayo juu ndio walioelekea kurudi na dalili nyingi zaidi. Kwa hiyo njia inapita pande zote mbili.

Kutoka: Sajini mstaafu, Maryland

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niliingia jeshini enzi za MAVNI, ule mpango uliotafuta watu wenye lugha kama yetu. Biolojia nawaachia wenyewe. Nazungumzia karatasi.

Shemeji, kama PTSD ya bwana imeshakubaliwa na VA kuwa ya kazini, thairoidi na viungo vinaweza kudaiwa kama magonjwa yaliyoletwa na hiyo PTSD. Ni fomu ileile ya 21-526EZ. Kinachobeba dai ni barua ya daktari inayosema kwamba uwezekano wa PTSD kuleta au kuzidisha ugonjwa huo ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Barua isiyo na sababu ni karatasi tupu. Nendeni kwa afisa wa maveterani wa kaunti, ni bure. Yule anayekuambia umlipe ili aandae dai la kwanza, kimbieni, sheria hairuhusu.

Sasa hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilipoitwa kwa uchunguzi wa dai, daktari akaniuliza, habari yako leo? Nikajibu vile mama alinifunza: mzuri sana, namshukuru Mungu. Akaandika. Usingizi? Nalala. Nilikuwa nalala masaa mawili kwa kochi, viatu miguuni. Lakini mtu mzima anaulizwa hali na mgeni, atajibu aje? Kwetu hata mgonjwa mahututi anasema sijambo kwanza. Barua ya VA ilipokuja, daraja lilikuwa la mtu mwenye afya yake. Ilinichukua karibu miaka miwili kurekebisha. Mwambieni bwana: kule ndani hakuna salamu. Aeleze siku zake mbaya zaidi, na wewe uingie naye kama watakubali.

Asipotaka kuonekana VA, kuna Vet Center, vituo vya ushauri kwa maveterani. Familia pia wanapokelewa, na kumbukumbu zao haziingii faili la VA bila yeye kukubali. Usiku ukiwa mbaya kabisa pigeni simu 988, halafu bonyezeni 1.

Na asiache matibabu ya akili eti sasa ni ugonjwa wa mwili. Yale mazungumzo ya vikao kumi na viwili hivi nilidhani ni porojo za wazungu. Sikupona, lakini sasa nalala kitandani.

Kutoka: Muuguzi wa Minnesota

Naongezea kwa sajini. Kuna utafiti wa 2019 kwa wagonjwa wa VA: ambao dalili zao za PTSD zilipungua kwa kiwango cha maana, hatari yao ya kupata kisukari cha aina ya pili ilikuwa chini kwa asilimia 49 kuliko wenzao ambao hazikupungua. Mama Neema, ulisema sukari ndiyo ilitangulia.

Kutoka: Mtoto wa Bukoba, Oslo

Nasoma hapa nimekaa kimya. Marehemu baba alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Hakuna aliyewahi kutamka neno PTSD nyumbani kwetu. Tulijua tu kwamba kitanda chake hakikai karibu na dirisha, na mikono yake ilikuwa imepinda kwa baridi yabisi kabla hajafika hamsini. Bibi alisema ni baridi ya mahandakini. Sijui nifanye nini na habari hii, lakini asanteni.

Kutoka: Mama Neema, Texas

Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimerudi.

TSH imepimwa Jumanne, majibu bado. Daktari wa viungo amekubali kusoma faili la akili, ila anataka mume wangu asaini kwanza, na mume wangu amesema atafikiria. Kwake hiyo ni hatua. Afisa wa kaunti ametupa tarehe. Ameniambia mke naye anaweza kuandika ushahidi wa anayoyaona nyumbani, fomu 21-10210, kwa hiyo nimeanza. Naandika kwa Kiswahili kwanza ndipo nitafsiri, maana kwa Kiingereza naona kama namsema mtu mwingine.

Mpaka sasa nina hivi: anaamka saa nane usiku, anakagua milango mitatu, anarudi, anakagua tena wa jikoni. Hakai mgahawani akiwa ameupa mlango mgongo. Mtoto akiangusha kijiko anashtuka, halafu anacheka ili mtoto asiogope.

Mwenye Kiingereza kizuri anisaidie. "Kushtuka" nimepata. "Kushtukashtuka" nimeshindwa.