Seva inatuma data iliyobanwa bila kusema, nifanyeje?

Kijana_Uyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Nina programu ndogo ya Python inayovuta bei za viazi na mahindi kutoka kwenye seva ya watu fulani kila alfajiri, kisha inawatumia wakulima wa huku kwa meseji. Tangu juzi, badala ya JSON (data ya maandishi) napata herufi zisizosomeka, na Python inakataa: baiti 0x8b, nafasi ya 1, si utf-8 (mfumo wa kuandika herufi). Kwenye heda (maelezo yanayotangulia data), Content-Type ipo na ni application/json. Content-Encoding, inayosema data imebanwa vipi, haipo kabisa. Naombeni msaada wa haraka, maana dalali akijua mkulima hana bei mkononi anampangia ya kwake, tena kwa lumbesa.

Fundi_Kihesa
Pole sana ndugu yangu. Hiyo 0x8b imeshakuambia ugonjwa. Faili la gzip, yaani lililobanwa, huanza na baiti 1f na 8b. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye RFC 1952, hati inayoeleza gzip, ya mwaka 1996. 1f ni halali kwenye utf-8, kwa hiyo Python iliipita ikakwama kwenye ya pili. Data yako ni nzima, imebanwa tu. Kama unatumia requests (maktaba ya Python ya kuvuta data), yenyewe hufungua pale inapoiona Content-Encoding. Isipoiona inakukabidhi mzigo ulivyo.

```
data = r.content
if data[:2] == b"\x1f\x8b":
    data = gzip.decompress(data)
bei = json.loads(data)
```

Hiyo if usiiondoe, nakuomba. Siku wenye seva wakirekebisha heda, requests itafungua kabla yako. Ukilazimisha kufungua tena, programu inaanguka, na wakulima wanakosa bei siku ambayo seva imepona. JSON haianzi na 1f hata siku moja, kwa hiyo hutachanganya.

Binti_Makambako
Kwani ukiomba isibanwe? Tuma `Accept-Encoding: identity`.

Kijana_Uyole
Dada, nimeituma, seva haijali. Ila ya Fundi imekubali, bei zinasomeka. Asante sana mkuu.

Fundi_Kihesa
Kama haijali, inaelekea wameweka mafaili yaliyobanwa tayari na seva inayatoa kama yalivyo. Waandikie, na uwaambie jambo lenyewe waziwazi: Content-Encoding: gzip haipo. Wakiwa na nginx (programu ya seva), `gzip_static on` hutoa faili la .gz pamoja na heda yake. Usiridhike na kiraka chako, kwa sababu wakihamia Brotli, mbinu nyingine ya kubana, hakitakusaidia: Brotli haina baiti za utambulisho mwanzoni, bila heda utabaki kukisia.

Binti_Makambako
Kaka, weka na kikomo. Deflate, mbinu ya kubana iliyo ndani ya gzip, inaweza kubana hadi zaidi ya mara 1,000, kwa hiyo MB 1 ikaumuka karibu GB 1 na kuijaza RAM yote. Badala ya gzip.decompress, ndani ya ile if weka:

```
d = zlib.decompressobj(47)
data = d.decompress(data, 5_000_000)
```

47 inatambua gzip na zlib (umbo jingine la Deflate) zote mbili. Baada ya hapo angalia d.eof; ikiwa False, mzigo umezidi kikomo au umekatika njiani. Utupilie mbali, uwatumie wakulima bei za jana zikiwa na tarehe yake.