Meno ya bandia kwa mwalimu wa Kurani: nichague ya aina gani, na je, herufi zangu zitarudi?

Maalim wa Makorora

Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hii nawaamkia kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Makorora, Tanga, mwenye umri wa miaka 66, na huu ni mwaka wa 11 tangu nilipoambiwa nina kisukari. Meno yangu hayakuoza, yalilegea. Fizi zilianza kutoa damu, kisha usaha, kisha jino moja moja likawa linacheza kama mlango uliolegea bawaba, na wiki 3 zilizopita nimeng'olewa mawili yaliyokuwa yamebaki kati ya yale manne ya mbele ya juu. Huko juu nimesaliwa na chonge zote mbili na magego matatu, na chini yamo yote isipokuwa magego mawili ya upande wa kulia.

Kula ninakula, kwa kuwa bada, ugali wetu wa muhogo, haina ubishi na samaki huchambuliwa. Kinachoniuma ni kusomesha. Herufi za Kiarabu thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno ya mbele ya juu, na faa hutoka pale ncha za meno hayo hayo zinapogusa upande wa ndani wa mdomo wa chini. Mtu aliyepoteza meno hayo amepoteza makharija, yaani mahali pa kutokea sauti, ya herufi nne kwa mpigo. Watoto wadogo husoma kama wanavyomsikia mwalimu wao, na juzi nimesikia safu nzima ikisoma "naffaathaati" ya Suratul Falaq kwa sauti ya upepo mtupu, kwa sababu ndivyo ninavyoitoa mimi.

Kliniki niliyokwenda imenitajia aina tatu za meno ya kuvaa na kuvua: ya akriliki, ambayo ndiyo ya bei ya chini, ya nailoni laini yasiyo na waya, na ya bamba la chuma, ambayo ni ghali kuliko yote. Jirani yangu naye ananiambia kuna fundi anayeyagandisha moja kwa moja mdomoni kwa nusu saa tu, na mtu akatoka anacheka. Naomba mwenye ujuzi anieleze tofauti zake kwa kweli, anieleze pia nisubiri muda gani tangu kung'olewa, na kama kuna mtu ambaye matamshi yake yalirudi.

Tabibu wa Kinywa

Wa alaykum salaam, Maalim, na shikamoo. Nafanya kazi ya kutibu kinywa na meno katika mkoa huu huu, na nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lako limekaa vizuri kuliko mengi ninayoulizwa, ambayo huanza na bei na kuishia hapo.

Nianze na muda. Ufizi hufunga tundu la jino katika wiki chache, lakini mfupa ulio chini yake huendelea kusinyaa, na husinyaa kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka yote inayofuata. Kipimo kikichukuliwa leo, ukiwa na wiki 3 tu, meno yatakukaa vizuri siku utakayokabidhiwa, na baada ya miezi kadhaa kutakuwa na nafasi kati ya bamba linalobeba meno hayo na ufizi. Hilo halina maana kwamba ukae na pengo mwaka mzima. Wapo wanaovishwa meno siku ile ile ya kung'olewa, mradi wameelezwa tangu mwanzo kwamba bamba litalazimika kujazwa upya kwa ndani ufizi ukishatulia. Kwa mtu ambaye kazi yake ni sauti, mimi ningesubiri hadi kati ya wiki 8 na 12, kisha ningetengeneza ya akriliki nikijua kwamba ni ya kipindi hiki cha mpito.

Sasa aina zenyewe. Akriliki ni plastiki ngumu ya rangi ya ufizi, na imetumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1930, ilipochukua nafasi ya mpira uliopikwa kwa salfa. Ubora wake kwako ni huu: likilegea jino jingine kesho, fundi wa maabara anaweza kuliongeza kwenye bamba lile lile, na likivunjika linaungika. Ubaya wake ni unene. Ili lisivunjike linahitaji kama milimita 2, na unene huo unakaa kwenye kaakaa, mahali ulimi unapofanyia kazi. Bamba la chuma, ambalo kwa kawaida ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, linaweza kuwa na nusu milimita au hata pungufu, kwa hiyo ulimi haubanwi, na ladha na joto la chai huhisika zaidi. Tena hukaa juu ya meno yaliyobaki kwa vishikizo maalumu, na mzigo wa kutafuna ukabebwa na meno hayo, ufizi ukapumzika. Lakini nyumba nzuri haijengwi juu ya nguzo zinazotikisika: magego yako matatu na chonge zako zimetoka katika fizi zile zile zilizowaangusha wenzao, na chuma kikishatengenezwa, kukiongezea jino si kazi rahisi.

Nailoni inapendwa kwa sababu haina waya unaoonekana. Sikatai kwamba inapendeza. Hata hivyo inapinda, na kitu kinachopinda hukandamiza ufizi kila unapotafuna. Ufizi ukishuka, nailoni ni vigumu kuijaza upya kwa ndani, na mara nyingi hulazimu kutengeneza mengine. Kwa kinywa ambacho bado kinabadilika, ningeiacha.

Kabla ya yote hayo, fizi zako zisafishwe na sukari yako itulizwe. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye uchafu na usaha nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitika, kwa hiyo magonjwa hayo mawili yanalishana. Anzia idara ya meno ya hospitali ya Bombo ukiwa na daftari lako la kliniki ya kisukari mkononi, uonwe kama mgonjwa mmoja mwenye habari moja.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Maalim, hilo la fundi wa nusu saa naomba uliache, nami nasema kwa kilichonipata. Nilikuwa na pengo moja tu la mbele. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja wala mtaa wake, alikoroga unga na maji yake yenye harufu kali, akaniwekea jino, akaligandisha kwenye meno ya jirani yaliyokuwa mazima. Nilifurahi, nikaenda nalo harusini, nikapigwa picha. Kwa kuwa halivuliwi, chakula kiliingia chini yake na mswaki haukufika. Mwaka haukuisha, kinywa kikawa na harufu ambayo mume wangu alinyamazia kwa adabu tu. Lilipokatwa hospitalini, meno yale mawili ya jirani nayo yalikuwa yameoza kwenye shina, nikang'olewa. Nilikwenda na pengo moja, nikarudi na matatu.

Jina la daktari wa meno linaweza kuulizwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mimi sikujua hilo wakati ule.

Mstaafu wa Bandari

Nawasalimu nyote. Mimi ni kibogoyo kamili, juu na chini, na nimevaa meno ya akriliki kwa miaka 9. Ya juu ni rafiki yangu, kwa sababu hufunika kaakaa lote na kushikwa na mate kama kikombe kilichofunikwa juu ya meza yenye maji. Ya chini ni mgomvi. Hayana kaakaa la kushikia, yanakaa juu ya kigongo chembamba tu cha ufizi, na ulimi unayasukuma kutoka katikati. Daktari aliniambia kwamba mfupa wa taya la chini husinyaa haraka zaidi kuliko wa juu, kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda ndivyo yanavyozidi kuelea. Wewe umebakiwa na meno ya chini, Maalim. Yalinde kama mtu anavyolinda kisima.

Kuhusu chuma simpingi Tabibu kwa ujumla, ila nadhani amekuogopesha kidogo. Ndugu yangu wa Muheza amevaa la chuma kwa miaka mingi juu ya chonge ambazo watu walisema hazitamaliza mwaka. Labda ni bahati yake.

Wiki mbili za kwanza mate yatajaa kinywani kama mtu aliyepewa ndimu, na utahisi umemeza sahani. Hupungua. Anza na wali laini na ndizi za kupika, tafuna pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisiinuke upande mmoja, na muhindi wa kuchoma usiuingilie kwa meno ya mbele bali uupukuchue kwa kidole. Usiku yavue, uyaweke katika kikombe cha maji ya kawaida. Yakikauka hubadilika umbo, na maji ya moto huyapinda. Na ukiwa ugenini usiyafunge kwenye karatasi laini. Mimi niliyafunga hivyo kwenye hitima, na aliyekuwa akikusanya sahani akayatupa pamoja na mifupa ya mbuzi. Tulipekua jalala hadi magharibi.

Maalim wa Makorora

Nimewasoma nyote na nawashukuru. Bi Mkubwa, umeniokoa, maana nilikuwa nimekwisha kuulizia. Nimebakiwa na mambo mawili. La udhu sina wasiwasi nalo, kwa kuwa kusukutua kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ni suna tu. Linalonisumbua ni kwamba nimesikia wavaaji wengine wanapata wekundu kaakaani, na kwa mtu wa kisukari naogopa vidonda. La pili ni herufi: je, kuna mahali katika utengenezaji ambapo mimi mwenyewe ninaweza kusema neno, au ninapokea tu kilichokwisha pikwa?

Tabibu wa Kinywa

Wekundu huo mara nyingi ni ukungu unaoota chini ya bamba linalovaliwa usiku na mchana bila kusafishwa, na kisukari huupalilia. Yavue ulalapo, uyasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kwa sababu dawa ya meno ina chembe zinazoikwaruza akriliki na kuacha mistari ambamo uchafu hujificha. Usugue juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Kidonda chochote kinachozidi wiki 2 kionwe na daktari. Usikifunike kwa pamba ukavumilia, na usiyakwangue meno mwenyewe kwa tupa.

La herufi ndilo nililotaka uniulize. Utapitia hatua kadhaa: kwanza vipimo vya kinywa, ambavyo huchukuliwa kwa unga wa alijineti unaogeuka kama uji mzito na kuganda mdomoni (unga huo hutokana na mwani wa kahawia, si ule wanaolima kina mama wa pwani yetu), kisha sanamu ya plasta, kisha kipimo cha namna taya zinavyokutana, kisha meno yanapangwa juu ya nta, nawe unaitwa kuyajaribu. Siku hiyo ya nta ndiyo siku yako. Watu wengi huletewa kioo, wakaulizwa kama wamependeza, wakaitikia, wakaondoka. Wewe uombe kusoma. Soma Suratul Falaq kwa sauti yako ya darasani, kwa sababu humo mna faa, mna thaa, mna dhali. Faa ikitoka nzito, meno huenda ni marefu au yamesogea mbele mno. Thaa ikikosa pa kushikia, yamerudi ndani. Sini ikipiga mluzi, kasoro inaweza kuwa kwenye umbo la bamba nyuma ya meno ya mbele. Nta husogezwa kwa dakika chache tu. Akriliki ikishapikwa, kilichobaki ni kukwangua.

Uliza pia kabla ya kulipa kama gharama imejumuisha marudio ya kurekebisha, maana marudio hayakwepeki.

Maalim wa Makorora

Narudi baada ya miezi minne, kwa kuwa ni utovu wa adabu kuuliza, ukajibiwa, ukanyamaza.

Fizi zilisafishwa kwa mahudhurio matatu na sukari imeshuka hadi pale daktari wangu wa kisukari alipopataka. Nilichagua akriliki. Siku ya nta niliomba kusoma, na daktari, kijana asiye Mwislamu, alishangaa kidogo kisha akafunga mlango ili watu wa nje wasinikatishe. Nilisoma mara ya kwanza, faa ikaja nzito kama ilivyotabiriwa. Akapasha moto kisu, akayarudisha meno mawili ya kati nyuma kwa kiasi ambacho jicho langu halikuona, nikasoma tena. Mara ya nne nilifika "naffaathaati" nikanyamaza, naye akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, ndivyo inavyotakiwa.

Ilinichukua wiki 3 za kusoma peke yangu baada ya alfajiri kabla sijarudi kusomesha kwa sauti. Watoto sasa wanasahihishwa kosa nililowafunza mwenyewe, na wawili kati yao bado wanalishikilia kwa ukaidi. Sini yangu inapiga mluzi kidogo nikisoma kwa haraka, na waya wa upande wa kushoto unachoma nyuma ya chonge. Jumanne narudi urekebishwe.