Tretinoini, adapaleni au retinoli: ipi inafaa kwa makunyanzi ya uso?

BintiMikindani:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Mtwara. Nina umri wa miaka 49, na kazi ya kuanika korosho katika kikundi chetu cha ubanguaji huniweka juani asubuhi hadi alasiri. Makunyanzi yamejichora pembeni mwa macho na kwenye paji la uso. Duka la dawa wamenionyesha tyubu ya tretinoini ya asilimia 0.05 na ya adapaleni ya asilimia 0.1, na duka la vipodozi wananishawishi ninunue retinoli, wakidai kwamba zote ni kitu kimoja. Naomba mnieleweshe, kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi na ninahofia mabaka.

Mfamasia wa Kusini:
Dada, zote ni za jamii ya vitamini A, lakini hazilingani. Tretinoini ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe, ambayo seli za ngozi huitumia moja kwa moja kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, na kuzuia isiharibiwe na jua. Retinoli hulazimika kugeuzwa kwanza na ngozi kuwa retinaldehaidi, kisha kuwa asidi hiyo, ndiyo maana ni pole na hukawia kuonyesha matokeo. Adapaleni ilitengenezwa kwa ajili ya chunusi. Huvumilika vizuri na haiharibiwi upesi na mwanga, ila kwa makunyanzi ushahidi wake ni mchache. Tretinoini ya asilimia 0.05 iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa makunyanzi membamba. Ipo pia tazaroteni, ambayo ni kali zaidi.

Ushauri wangu ni uanze na tretinoini ya asilimia 0.025. Ngozi nyeusi ikichomwa na dawa huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi, na hilo ndilo baka unalolihofia. Paka usiku, uso ukiwa umekauka kabisa, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, kisha mafuta ya kulainisha juu yake. Usiguse kope wala pembe za mdomo. Tarajia mabadiliko baada ya miezi mitatu hadi sita. Mchana vaa kofia pana na upake losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, kwa kuwa jua la mahali pa kuanikia litabomoa kila ambacho dawa imejenga usiku.

Mama Shangani:
Mimi natumia tretinoini. Ngozi ilibambuka mwanzoni, nikapunguza siku za kupaka, ikatulia. Mistari midogo ya pembeni mwa macho imefifia, lakini kunjo la kina la kwenye paji la uso lipo palepale. Mwenzangu, soma kasha lote kabla ya kulipa, kwani zipo krimu zenye tretinoini iliyochanganywa na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Watu huzinunua ili waonekane weupe, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu hukondesha ngozi.

BintiMikindani:
Nawashukuru sana. Mafuta ya maganda ya korosho yamenibabua shavuni. Je, nianze hivyo hivyo? Pia binti yangu, ambaye ni mjamzito, anataka tuitumie pamoja.

Mfamasia wa Kusini:
Subiri mpaka shavu lipone kabisa, kwa sababu tretinoini juu ya ngozi iliyobabuka itazidisha kuungua na kuacha weusi. Siku za kubangua, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika uso. Likikawia kupona, nenda hospitali ya Ligula ukaonwe na daktari. Binti yako asiipake tretinoini, adapaleni wala retinoli mpaka ajifungue, na tazaroteni ni marufuku kabisa kwa mjamzito. Kwa sasa losheni ya kukinga jua inamtosha, na hiyo mnaweza kuitumia pamoja.